Saa ya Mchina

Hapa Tunduma mtu akikuuliza saa ngapi, mjibu kwa hadhari. Upande wetu inaweza kuwa saa nne kamili asubuhi, lakini ukivuka geti kuingia Nakonde, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, utakuta watu wako saa tatu, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Sisi tuliokulia mpakani hatuoni ajabu. Mama muuza nyanya anafungasha mzigo kwa saa ya huku na anakwenda kulipwa kwa saa ya kule, na hakuna anayemwita mwenzake mwongo. Saa zote mbili ni za kweli, ilimradi useme umesimama wapi.

Nimeanza na jambo hili, ndugu msomaji, kwa sababu nataka nikueleze habari za saa ya mkononi niliyorithi kwa Babu yangu, na swali ambalo saa hiyo imeniletea. Swali lenyewe ni hili: mtu akirithishwa kitu kizuri pamoja na uongo wake, aufanyeje ule uongo? Auheshimu kwa kuwa ni wa wazee? Aufichue? Au, kama ni mwandishi, autie kitabuni na kuupamba? Msidhani ni swali la kwenye makaratasi tu. Limenigombanisha na Baba Mdogo, na hadi leo tunasalimiana kwa shida.

Babu alifariki mwaka 2021. Siku ya kuanua matanga wazee walikaa wakagawa vitu vyake: baiskeli kwa huyu, redio kwa yule, koti la baridi kwa mwingine. Mimi nikapewa saa, kwanza kwa kuwa nimerithi jina lake, na pili kwa kuwa, alisema Baba Mdogo huku watu wakicheka, “huyu ndiye mwandishi, atatuandikia habari za Mchina.”

Habari za Mchina kila mtu katika ukoo wetu anazijua. Zilisimuliwa kila Krismasi baada ya chakula. Mwaka 1973, reli ya TAZARA ilipokuwa inafika mpakani, Babu alikuwa kibarua wa kubeba mataruma. Msimamizi wa kikosi chao alikuwa Mchina mmoja mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu. Siku moja taruma likaponyoka na kumbana Mchina mguu. Watu wakabaki kupiga kelele. Babu akaliinua peke yake, Mchina akapona. Siku ya kuagana, yule Mchina akafungua saa mkononi mwake, akamfunga Babu mkononi, hakusema neno kwa kuwa Kiswahili chake hakikutosha. Hapo Babu alikuwa ananyamaza, anainua mkono, na sisi watoto tunasogea kuisikiliza saa ikigonga.

Nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kujiita mwandishi, hadithi hii ndiyo niliyoishika. Nina kauntabuku mbili zilizojaa riwaya ya Mchina na saa yake. Sura tatu zimekwisha. Nilitaka ziwe sahihi, maana nimechoka na riwaya za vijana wenzangu ambazo mtu anapanda treni mahali pasipo na reli. Basi nikaanza kutafuta habari, na huko ndiko nilikojikwaa.

Habari za reli yenyewe hazina shaka. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ikawa haina njia ya kuaminika kwenda baharini. Serikali zetu mbili zilibisha hodi nchi za Magharibi, zikaambiwa reli kama hiyo haitalipa. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Agosti 1973 reli ilifika hapa Tunduma, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Wachina walikuja kwa makumi ya maelfu, wakashika sururu bega kwa bega na watu wetu. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Halafu nikatafuta habari za saa. Nikasoma kwamba katika China ya miaka ile kulikuwa na vitu vinne ambavyo kijana akitaka kuoa alitamani avipate: baiskeli, cherehani, saa ya mkononi na redio. Saa iliyosifika ilikuwa ile ya kiwanda cha Shanghai, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1958. Bei yake ilikuwa yuan 120, wakati kijana wa kiwandani alipokea kama yuan 36 kwa mwezi. Nikapiga hesabu. Mchina wetu alimpa Babu mshahara wa zaidi ya miezi mitatu! Moyo wangu kwanza ulifurahi, ukaona zawadi imezidi kuwa kubwa. Kisha ukasita. Kwa sababu saa iliyokuwa mkononi mwangu imeandikwa usoni, kwa herufi ambazo nimeziona tangu utotoni bila kuzisoma, Seiko 5.

Seiko ni ya Wajapani, hilo nalo lilikuwa linajulikana. Lakini tulikuwa tumeshasema “saa ya Mchina” kwa miaka mingi hivi kwamba macho yalikuwa hayafanyi kazi. Na jambo jingine: mataruma ya TAZARA ni ya zege. Hebu nenda ukajaribu kuinua moja peke yako.

Jirani na stendi kuna fundi saa mmoja, mzee, anafanya kazi kwenye kimeza kidogo chenye kioo. Nilimwamkia, nikampa saa, nikamwambia ni ya mwaka 1973.

“Nani kakwambia?”

“Babu yangu, mzee.”

“Babu yako alikuwa fundi saa?”

“Hapana.”

“Basi tuiulize yenyewe.”

Akabana kioo chake cha kukuzia jichoni, akasoma mfuniko wa nyuma. Akaniambia kuwa kwa Seiko za aina hii tarakimu ya kwanza ya ile namba ya mfululizo ni mwaka, na ya pili ni mwezi. Yetu inaanza na 1, halafu 5. Yaani mwezi wa tano wa mwaka unaoishia na moja. Nikadakia, “Basi ni 1971!” Mzee akacheka. “Taratibu, kijana. Mashine yake ni 6309. Hiyo ilianza kutengenezwa 1976, na miaka ya themanini haijaisha ikaachwa. Hapo katikati mwaka unaoishia na moja ni mmoja tu.”

Mwaka 1981. Reli ilikuwa imekwisha kukabidhiwa miaka mitano kabla.

Akazungusha kile kitufe cha pembeni, na pale kwenye kidirisha jina la siku likaruka kutoka Kiingereza likaja kwa Kiarabu. Akasema saa za namna hiyo zilikusudiwa kuuzwa Uarabuni, na huenda hii ilitua huko kwanza kabla ya kuletwa huku na wafanyabiashara. Kisha akafungua mfuniko, akanionyesha ndani. Kulikuwa na mikwaruzo. Mmoja mdogo, wa sindano: “Mby 82”. Huo, alisema, ni wa fundi mwenzake wa Mbeya. Mafundi hukwaruza alama na mwaka ili saa ikirudi wajue kazi ni ya nani. Lakini kando yake kulikuwa na herufi mbili kubwa, zimechorwa vibaya kwa kitu kama msumari. “Hizi si za fundi. Huyu ni mwenye saa. Aliogopa isije ikabadilishwa.”

Herufi hizo hazikuwa za jina la Babu. Wala za yeyote katika ukoo wetu.

Nilipokuwa shule ya msingi tulipelekwa kukiona Kimondo cha Mbozi, lile jabali la chuma lililotoka angani. Kina mkato ubavuni, kama mtu alitaka kukigawa kwa msumeno. Mwalimu alitwambia watafiti walikata kipande ili wajue ni kitu gani hasa. Nilimwona mtafiti yule mtu katili, kwa nini asikiache kizima? Siku ile kwa fundi saa nilijua kwamba na mimi nimeshika msumeno.

Nikarudi kwenye kasha la picha. Picha ya kipaimara ya mwaka 1982, imeandikwa nyuma kwa kalamu: Babu amekunja mikono, mkono wa kushoto mtupu. Picha ya mwaka 1985, studio, Babu ameketi na mkono wa kushoto ameuweka juu ya goti, mbele kabisa, saa inang'aa. Kati ya picha hizi mbili ndipo pana jambo.

Bibi anakaa Mpemba. Nilimkuta anapukuchua mahindi. “Mume wangu umekuja,” akasema, maana kwa jina ndiyo mimi mumewe. Nikakaa, nikasaidia kupukuchua, halafu nikavua saa nikaiweka juu ya gunia.

“Bibi, hii saa Mchina alimpa Babu lini?”

“Siku ya kuagana.”

“Waliagana lini?”

“Reli ilipokwisha.”

“Mbona saa imetengenezwa reli imekwisha zamani?”

Akapukuchua gunzi zima bila kusema. “Nani kakwambia?”

“Saa yenyewe.”

“Kumbe inasema,” akasema Bibi. “Sisi miaka yote tulidhani inahesabu tu.”

Siri ya mtungi aijuaye kata. Alinieleza jioni ile, bila kulia na bila kunitazama.

Lakini ili umwelewe Bibi inabidi ukumbuke hali ya miaka ile, na sisi vijana tumeisikia kwa juujuu tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei duniani, nchi ikakosa fedha za kigeni. Sabuni, sukari, vitenge, mafuta ya kula, vyote vikawa adimu. Kilichokuwapo kilipita kwa magendo, na mpaka wetu ulikuwa mlango mmojawapo. Machi 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Sheria ilipitishwa mwaka huohuo baada ya watu kukamatwa, ikarudishwa nyuma ili iwafunike. Kesi zikapelekwa kwenye baraza maalumu, bila dhamana, bila wakili. Wapo walanguzi wakubwa waliokuwa wanawanyonya wananchi kweli, hilo halina ubishi, na wananchi wengi waliushangilia msako. Lakini hofu haikubagua. Ukiwa na kitu kipya nyumbani uliulizwa risiti. Watu walimwaga bidhaa mtoni na porini usiku.

Mwaka ule, alisema Bibi, kulikuwa na kijana mchuuzi aliyezoea kulala kwao akitoka Mbeya kwenda mpakani na kurudi. Si ndugu. Alikuwa msafiri tu waliyemzoea, anakula wanachokula, analala barazani. Siku moja akaja bila mzigo wa kawaida, ana begi dogo. Akamwambia Babu: mzee, niwekee hii, hali ikitulia nitakuja. Ndani kulikuwa na miche ya sabuni, vitenge viwili, na saa aliyoivua mkononi mwake mwenyewe. Akaondoka alfajiri. Hakuja tena. Hawakujua kama alikamatwa, kama alivuka, kama alikufa.

“Tulingoja,” Bibi akasema. “Sabuni tukaanza kutumia baada ya miezi minne, maana watoto walikuwa na upele. Nilisema akija tutamlipa. Halafu kitenge. Nilivaa kitenge cha mtu kanisani, mume wangu. Watu wakakisifia.”

Saa ilikuwa ya mwisho. Babu alianza kuivaa mwaka 1984. Siku moja mkutanoni balozi wa nyumba kumi akamwuliza mbele za watu: bwana, hiyo risiti yake ipo? Babu akajibu papo hapo: Mchina wa reli hakuandika risiti. Watu wakacheka, balozi naye akacheka, yakaisha.

Basi hapo ndipo Mchina wetu alipozaliwa. Si 1973 kwenye mataruma, bali 1984 mkutanoni, na alizaliwa akiwa risiti.

Nikamwuliza Bibi kama Mchina hakuwapo kabisa. Akashangaa. Alikuwapo! Babu alifanya kazi relini, na Mchina mmoja alipoondoka alimpa kikombe cha bati, cheupe, chenye maandishi mekundu. Kiko wapi? Kilikuwa cha kupimia mahindi, kikatoboka, kikawekwa kwa kuku, kikapotea. Fikiria, msomaji. Zawadi ya kweli tuliitupa kwa kuku, na ile ya uongo tukaisikiliza kila Krismasi.

Sasa tuje kwenye swali.

Baba Mdogo nilipomweleza alikasirika. Hoja yake si ya kijinga, nitaieleza kwa haki. Alisema marehemu hasemwi vibaya. Alisema Babu hakuiba, aliachiwa. Alisema uongo ule ulimwokoa asikamatwe kwa kosa ambalo si lake, na kwamba kama angesema kweli, angemtaja yule kijana, na kumtaja kungekuwa ubaya zaidi. “Wewe ulikuwa hujazaliwa. Umeshiba ndiyo maana unauliza.” Mwisho akasema neno lililonichoma: “Tena wewe ni mwandishi. Kazi yako ni uongo. Unamwonea Babu yako kwa kosa ambalo unatafuta ulipwe kwa kulifanya.”

Kuhusu ule mkutano, nakubaliana naye. Babu alikuwa mwanachama tangu TANU, na miongoni mwa ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ile ya kusema kweli daima. Hata hivyo siwezi kumlaumu mtu kwa kutosema kweli mbele ya sheria isiyokupa wakili. Kuna nyakati ukweli unauliziwa kwa nia mbaya, na anayeficha ndiye mwema. Nisingetaka Babu awe na ujasiri ambao mimi mwenyewe sijawahi kudaiwa.

Lakini mwaka 1985 Mwinyi akawa Rais, bidhaa zikamiminika, watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Hapakuwa na balozi wa kuuliza risiti tena. Risiti ile ingeweza kuchanwa. Badala yake Babu aliendelea kuisoma, kwa watoto wake, kisha kwa wajukuu, na kila mwaka ikaongezeka mstari: mguu uliobanwa, taruma lililoinuliwa. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Babu ilikuwa ndefu, zaidi ya miaka thelathini na mitano, na haikumfikisha kwa polisi. Ilimfikisha mahali ambapo yule kijana mchuuzi hakuwapo tena duniani. Hicho ndicho ninachoona ni kosa. Si kwamba tulidanganywa juu ya saa. Ni kwamba mtu mzima, aliyekula kwetu na kulala kwetu, alifutwa na nafasi yake akawekwa mwingine. Na yule Mchina naye alionewa. Watu walifia ile reli. Sisi tukawatumia kama muhuri.

Rafiki yangu anayesoma chuo alinisimulia kwamba mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1788, aliuliza habari za mtu aliyewekeshwa amana na mwenyewe akafa bila kuacha maandishi. Je, aliyewekeshwa anaweza kuikana? Kant akajibu hapana, na sababu yake si kwamba atakamatwa. Ni kwamba kama ingekuwa ruhusa kwa kila mtu kukana amana isiyo na ushahidi, basi hakuna ambaye angeweka amana tena. Neno lenyewe lingekufa. Niliposikia hivyo nilikumbuka jambo alilosema Bibi kwa kupitisha tu, akiwa anakung'uta magunzi: kwamba baada ya kijana yule, Babu hakukubali tena msafiri alale kwetu. Alisema nyumba imejaa. Haikuwa imejaa. Neno lilikuwa limekufa nyumbani kwetu, na Babu alilijua kabla ya mimi kuazima hoja ya Mjerumani.

Sasa nijibu lile la mwisho la Baba Mdogo, kwa sababu linawahusu ninyi nyote mnaosoma kurasa hizi mkiwa na kauntabuku chini ya mito. Je, mwandishi ana tofauti gani na Babu yangu?

Nilifikiri sana juu ya hili na jibu nilikuta nimelijua tangu utotoni. Bibi alipotaka kutusimulia habari za sungura alianza: hadithi, hadithi! Na sisi tukajibu: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Angalia vizuri. Sisi wasikilizaji ndio tulioualika uongo, kwa jina lake, kwa sauti. Msimulizi aliomba ruhusa, tukampa. Baada ya hapo sungura aliweza kufanya lolote, na hakuna aliyeibiwa. Wazee wetu hawakuogopa uongo. Waliuwekea mlango, na mlango una hodi. Habari za Mchina hazikuwahi kubisha hodi. Zilikuja baada ya chakula, zikakaa kama habari za ukoo, na mkono ukainuliwa kuwa ushahidi.

Kwa hiyo si kweli kwamba kazi yangu ni kosa la Babu. Kazi yangu inakuwa kosa la Babu pale tu ninapoficha mlango, ninapoandika “kisa cha kweli” juu ya kitu nilichobuni, au ninapobuni kitu ili mtu fulani asionekane. Ipo hadithi inayobuniwa kumwonyesha mtu ambaye hatukumwona, na ipo inayobuniwa kumfunika mtu tuliyemwona. Kwa msomaji zinaweza kufanana kila sentensi. Anayeishika kalamu ndiye anajua ni ipi, na ajiulize kabla hajasifiwa, maana akishasifiwa hatajiuliza tena. Nawaambia kwa uzoefu. Zile sura tatu zilisifiwa.

Nimejaribu kumtafuta mwenye saa. Bibi anakumbuka lakabu tu, ambayo vijana kumi wa wakati ule wangeweza kuwa nayo. Nilikwenda Mbeya kuulizia mafundi saa wa zamani wa Mwanjelwa, lakini soko lile liliungua mwaka 2006 na waliokuwa wamekaa pamoja wakatawanyika kila mtu na njia yake. Mzee mmoja aliitambua ile alama ya sindano. Akasema fundi mwenyewe alishakufa. Hapo njia ikaishia.

Siku tuliyojengea kaburi la Babu nilisimama nikawaeleza ndugu habari zote, nikiwa nimemwomba Bibi ruhusa kwanza. Baba Mdogo aliondoka kabla sijamaliza. Shangazi mmoja alilia, si kwa ajili ya Babu bali kwa ajili ya Mchina. Akasema ni kama amefiwa naye. Bibi alikaa kimya mpaka watu walipoanza kugombana, halafu akasema: “Mnalilia saa. Mimi kile kitenge nilikivaa mpaka kikachanika. Sasa hapo mtanirudishia nini?” Hakuna aliyejibu, na mimi pia sina jibu. Vipo vitu ambavyo havirudishwi. Ndiyo maana kile kinachoweza kurudishwa kisifanyiwe mchezo.

Saa sijaiuza wala sijaitupa. Fundi aliisafisha, inakwenda vizuri. Sikuivaa tena kama yangu. Naitunza kama tulivyoombwa kuitunza mwaka 1983. Riwaya naianza upya, na ukurasa wa kwanza utabisha hodi.

Na kama wewe unayesoma una baba, au babu, aliyekuwa akifanya uchuuzi kati ya Mbeya na mpaka wa Tunduma miaka ile, aliyewahi kusimulia kwamba aliacha begi dogo kwa mzee mmoja Mpemba, mwulize kama saa yake ilikuwa na alama. Zile herufi mbili sikuzitaja hapa kwa makusudi. Mwenyewe anazijua.